Mlango wa Nyuma wa Mwenyekiti

Siku friza ya Mama Barafu ilipoibwa, mtaa mzima ulikuwa macho. Hilo lisemwe mapema, maana baadaye walitokea watu wa mitaa mingine wakazusha kwamba tulisinzia. Hakuna aliyesinzia. Ilikuwa mchana kweupe, na kila mwenye macho alikuwa ameyakodoa kwenye nyumba ya jirani yake, kama alivyoagizwa na kamati ya ulinzi. Aliyeagiza alikuwa mwenyekiti wa kamati hiyo, kinyozi wa pale kona, ambaye kwa bahati mbaya ndiye pia mume wa Mama Barafu.

Utaratibu ule aliubuni mwenyewe, na aliupenda kama mtu anavyompenda mtoto wa uzeeni. Kila nyumba ilinde nyumba inayotazamana nayo, si yake yenyewe. "Mtu akilinda cha kwake anazembea," aliwaambia watu siku ya kuuanzisha. "Anajua akiibiwa ni shauri yake. Lakini ukilinda cha mwenzako, aibu itakuweka macho." Watu walipiga makofi, wakachangia kibao cha bati kilichopakwa rangi nyeupe na kuandikwa kwa nyekundu: MTAA HUU UNALINDWA NA MACHO YA WOTE. Mwenyekiti alipanda kwenye kigoda na kukifunga mwenyewe juu ya mlango wa saluni yake, akikaza hadi jasho likamtiririka. Tangu siku hiyo hakuna mgeni aliyepita kona ile bila kuulizwa anatoka wapi na anaenda kwa nani.

"Baba watoto," mkewe alimwambia asubuhi ya siku yenyewe, kama alivyomwambia asubuhi nyingi zilizotangulia. "Komeo la mlango wa nyuma."

"Nitalifunga."

"Nimelinunua mimi, nimekuletea mimi. Imebaki kazi ya bisibisi tu."

"Nimesema nitalifunga. Lakini nikuulize, mke wangu. Mlango ule unatokea wapi?"

"Uchochoroni."

"Na uchochoro unatokea wapi?"

"Pembeni ya saluni yako."

"Na kwenye saluni anakaa nani?" Akajipiga kifua. "Basi komeo lako hili hapa, limevaa shati."

Mama Barafu alilitazama komeo hilo lenye shati na kitambi. Watoto walipokwenda shule alichomoa kamba kwenye kiatu kikuukuu, akaufunga mlango kwa mafundo mawili, kisha akaenda sokoni kuchukua oda za wauza samaki. Hakuenda kwa moyo mweupe. Friza ilikaa chumba cha nyuma kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na soketi inayoaminika, na kila mtu pale nyumbani alijua, ingawa hakuna aliyesema, kwamba saluni ililipa mkate na porojo, lakini kodi na ada za watoto zililipwa na friza. Ilikuwa friza nzee, kubwa, ya kufungukia juu, na ilikuwa na ugonjwa wake. Ukiizima haikuwaka tena mpaka uipige kofi mahali fulani nyuma, chini ya bati la mota. Fundi aliyekuwa akiitibu alisema ugonjwa ule hauna dawa, unataka mazoea.

&nbsp;

Mchana ule Mwenyekiti alikuwa anamnyoa ndevu Karani, mzee mstaafu wa ofisi za serikali ambaye ndiye katibu wa kamati. Upande mmoja wa uso ulikuwa umekwisha, mwingine bado una povu. Mkokoteni ulikuwa umesimama kwenye mdomo wa uchochoro, na mara vijana wawili waliovaa ovaroli za buluu wakatokea huko ndani wakihema, wamebeba kitu kikubwa kilichofunikwa kwa shuka la maua ya zambarau. Mwenyekiti alitoka na wembe mkononi.

"Shikamoo mzee," alisema mmoja.

"Marahaba. Mnatoka wapi na hiyo?"

"Huko ndani, mzee, kwa mama mmoja. Friza mbovu, tunaipeleka kwa fundi."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Ametangulia."

"Na mumewe je? Mzigo kama huu unaachiwa vijana peke yao?"

Kijana alitua upande wake, akajifuta uso. "Mume anaye, mzee wangu, lakini ni jina tu. Hebu fikiria, mlango wa nyuma wa nyumba yao umefungwa na kamba ya kiatu."

"Kamba ya nini?"

"Ya kiatu, mzee."

Mwenyekiti alicheka mpaka akashika mbavu. Akageuka kumwambia Karani aliyekuwa ndani kwenye kiti. "Umesikia? Kamba ya kiatu. Wanaume wengine bwana, wanatuaibisha."

"Mume kama huyo," alijibu Karani kwa upande wa mdomo usio na povu, "ni wa kunyang'anywa mke."

Vijana walijaribu kuipandisha friza mkokotenini, ikawashinda. Ilikuwa imejaa barafu. Karani, ambaye maisha yake yote hakuacha kutoa maelekezo, alipaza sauti. "Inueni kwa magoti. Mkiinua kwa mgongo mtakuja kunikumbuka." Mwenyekiti akaona hiyo ni aibu, vijana wenye adabu wanahangaika mbele ya kibao chake. Aliuweka wembe kando, akakunja mikono ya shati, akashika pembe moja na kuinua. Alipouweka mzigo sawa alilichomekea shuka vizuri lisiburuzike, na moyoni likampitia wazo kwamba maua yale aliwahi kuyaona mahali. Wazo likapita. Akasimama katikati ya barabara, akazuia pikipiki kwa mkono ili mkokoteni uingie njiani.

"Mungu akubariki, mzee," vijana walisema.

"Amina. Kazi njema." Akarudi kwa Karani, akashika wembe. "Vijana wenye heshima bado wapo. Tatizo letu tunawakatia tamaa mapema."

&nbsp;

Hakuwahi kuumaliza ule upande wa pili. Mama Barafu alitokea mlangoni mwa saluni na kapu lake, hakupiga kelele, alisimama tu.

"Friza iko wapi?"

"Si iko nyumbani."

"Haiko nyumbani."

Mwenyekiti alicheka kidogo, akaona mkewe hacheki. Walikwenda karibu mbio, Karani nyuma yao na taulo shingoni, na nyuma ya Karani majirani waliotoka kila mlango, maana mtu akikimbia mtaani kwetu hakimbii peke yake. Chumba cha nyuma kilikuwa na mraba mmoja msafi wa sakafu, mahali ambapo friza ilikaa miaka na miguu ya watu haikufika. Kamba ya kiatu ilikuwa chini, imekatwa. Mama Barafu aliingia chumba cha kulala, akatoka.

"Wamechukua na shuka langu la maua ya zambarau."

Mwenyekiti aliingia kuhakikisha, akakuta godoro tupu. Akaketi juu ya godoro lile. Karani alisimama mlangoni, nusu ya uso wake inang'aa na nusu nyeupe kwa povu lililoanza kukauka. Wakatazamana.

"Mwenyekiti," Karani alisema chinichini, "hapa, kwa maoni yangu, panahitaji busara."

"Busara gani?"

"Ya kunyamaza."

&nbsp;

Kikao cha dharura kilifanyika uani kwa Mwenyekiti mwenyewe. Watu waliketi kwenye ndoo, kwenye ngazi, kwenye tairi. Mama Duka, mwenye nyumba inayotazamana na ya Mwenyekiti, alisimama kabla hajaitwa, kwa sababu alijua macho ya watu yangeanzia kwake.

"Zamu yangu ni mlango wenu wa mbele," alisema. "Nimeutazama tangu asubuhi mpaka shingo imekakamaa. Wateja wawili nimewarudishia chenji vibaya kwa sababu ya mlango wenu. Hajapita hata paka. Nimekosea wapi?"

"Hujakosea," watu walisema.

"Basi mniambie. Mlango wa nyuma ni zamu ya nani?"

Hapo watu waligeuka huku na huku. Mlango wa nyuma wa Mwenyekiti ulitazamana na ukuta wa ghala, na ukuta ule haukuwa mwanakamati. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo, hata aliyebuni mpango. Mzee mmoja aliyekaa kwenye tairi alinong'ona kwamba nyani haoni kundule, wakacheka wawili watatu, wakanyamazishwa. Mama Barafu alikuwa ameegemea ukuta, kapu bado mkononi. Mumewe aliyachunguza makucha yake kama anayetafuta ndani yake mtu wa kumshtaki.

Ndipo mtu akasema, "Na yule Popo?"

Popo lilikuwa jina walilompa mpangaji mpya wa Mama Duka, aliyelala mchana na kutoka jioni na begi. Hakukaa barazani, hakuzungumza siasa, hakunyoa kwa Mwenyekiti. Dakika chache zilitosha kumfanya mwizi aliyekamilika. Mmoja alikumbuka kumwona akiutazama uchochoro. Mwingine alikumbuka begi lake kuwa kubwa. Wa tatu alisema mtu asiye na maneno ana mambo, na hiyo ikapokelewa kama ushahidi. Wakanyanyuka wote, na mahali fulani njiani watu wawili wakawa wameokota vipande vya bomba, sijui waliviokota wapi, vipande vya bomba huwa havikosekani siku kama hizo.

Walimgongea mpaka akatoka, kijana mwembamba mwenye fulana na macho mekundu, masikio yake bado yana unga.

"Friza iko wapi?" aliulizwa.

"Friza gani?"

"Anajifanya hajui."

"Mimi nilikuwa nimelala. Naoka mikate usiku, pale kwenye tanuri la karibu na kituo. Mikate mnayokula ninyi asubuhi."

"Wezi wote ndivyo wanavyosema," alisema mtu wa nyuma, na ingawa hakuna mwizi yeyote aliyewahi kusikika akisema hivyo, vichwa vilitikiswa.

Mama Duka alijifunga kanga upya kiunoni. "Mimi mwizi simlazi kwangu. Akusanye vitu vyake leo hii." Kabla hajamaliza, watu walikuwa wameshaingia ndani na kulitoa godoro la Popo, wakalitupa vumbini. Mwingine akauliza kamba iko wapi. Aliyeuliza hakusema ya nini, na hakuna aliyemuuliza.

Popo alilitazama godoro lake. Kisha akatafuta uso anaoujua katika kundi lile, akaupata wa Mwenyekiti, kwa sababu uso ule alikuwa akiuona kila siku akienda kazini na akirudi.

"Mzee," alisema, "wewe unakaa pale kona siku nzima. Mimi sijawahi kukupita bila kunihesabu. Leo umeniona nikipita na friza?"

Lilikuwa swali dogo. Kundi lote likamgeukia Mwenyekiti. Karani alianza kukohoa, kikohozi kirefu cha ofisini, cha kumkumbusha mkubwa wake kwamba ipo njia nyingine ya kuliweka jambo. Mwenyekiti alitamani kuifuata njia hiyo. Angeweza kusema hakumbuki. Lakini bomba moja lilikuwa linapita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na kijana alikuwa na unga masikioni, na mkewe alikuwa anamtazama yeye tu, tangu alipouliza habari za friza mpaka sasa, kana kwamba mtaa ule haukuwa na mtu mwingine. Aliogopa. Aliogopa kuchekwa kuliko alivyopata kuogopa mwizi yeyote, na huo ndio ukweli.

"Sikukuona," alisema.

"Basi umemwona nani?"

"Nimeona vijana wawili wa ovaroli na mkokoteni."

"Ukawaacha?" aliuliza Mama Duka.

"Sikuwaacha. Niliwasaidia."

"Uliwasaidia nini?"

"Kuipakia. Walikuwa wamelemewa. Mimi nikashika pembe." Na kwa kuwa mtu akishaanza kuvuliwa nguo hawezi kuishia kwenye shati, akaendelea. "Nikawasimamishia pikipiki wapite. Na shuka nikalichomekea mimi. Huyu mtoto hahusiki. Shusheni hayo mabomba."

Mzee wa tairi akauliza kwa upole, "Shuka lako mwenyewe hukulijua?"

"Kitanda anatandika mke wangu."

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele kama maji ya ndoo iliyomwagika. Watu walishikana mabega, mmoja akakaa chini, na waliokuwa na mabomba wakayaegemea ili wacheke vizuri. Karani aliona jahazi linazama akajaribu kuruka. "Kwa upande wangu nilikuwa nanyolewa," alisema, lakini mwuza magazeti aliyekuwa akipita pale mchana akamkumbusha: "Si wewe uliyewaambia wainue kwa magoti?" Kicheko kikaanza upya, na Karani akajifunika taulo.

Mama Barafu hakucheka. Alimsogelea mumewe, akasema bila kupaza sauti: "Komeo limevaa shati."

Kisha simu yake ikalia kwenye kapu.

&nbsp;

Alikuwa fundi wa friza. "Mama," alisema, na kwa kuwa fundi yule alizoea kuzungumza karibu na mota, watu wote walimsikia, "umeniudhi. Unaiuza friza na mimi hunishirikishi?"

"Ninaiuza kwa nani?"

"Vijana wameileta hapa, wanasema wameinunua, haikubali kuwaka. Nimeitazama nikaona ni mgonjwa wangu. Nikawaambia hii inawaka kwa kofi, na kofi lenyewe analijua mwenyewe, ngojeni nimpigie aje awaonyeshe. Wakasema wanakwenda kununua soda."

"Wamerudi?"

"Hapana. Na mkokoteni wameuacha. Wamepotelea soda gani hiyo?"

Mama Barafu aliuliza kama barafu imeyeyuka, akaambiwa bado imeshikana. Akakata simu, na kwa mara ya kwanza tangu mchana akavuta pumzi mpaka mwisho. Watu walishangilia. Walitaka kufuatana naye wote, kamati nzima, na pengine kibao kitangulie mbele. Aliwazuia kwa mkono.

"Mtu mmoja ananitosha wa kusukuma. Huyu." Akamwonyesha mumewe. "Lakini nikuambie mbele ya hawa hawa, baba watoto. Friza hairudi kwenye nyumba isiyo na mlango. Tukifika hapo kona, nitakungoja na mkokoteni mpaka ufunge komeo. Ukishindwa, naipeleka kwa dada, nami nitaishi inakoishi friza yangu, na watoto watakuja anakoishi mama yao. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Anza na godoro la watu."

Mwenyekiti aliliokota godoro la Popo, akalikung'uta vumbi, akalibeba kichwani na kulirudisha ndani mbele ya macho ya wote. Aliomba radhi akiwa bado ameinama kulitandika. Popo alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sawa mzee. Sasa naomba mnifungie mlango, nilale. Usiku nina mikate yenu."

Mama Duka ndiye aliyeufunga mlango, polepole kabisa, kisha akawafukuza watu barazani kwake kwa kisingizio kwamba wanapiga kelele.

&nbsp;

Walirudi na friza jua likiwa limeanza kulegea. Mkokoteni ulisimama pale pale uliposimama mchana, na barafu ilikuwa imeanza kudondosha matone, tone, tone, kwenye vumbi la mbele ya saluni. Mama Barafu aliketi kwenye ukingo wa mkokoteni, akakunja mikono. Majirani walikuwa kwenye milango yao. Hakuna aliyekuwa kwenye zamu, lakini macho hayana pazia.

Mwenyekiti aliingia saluni, akafungua droo ya vitana, akatoa komeo. Lilikuwa jipya, zito, bado na mafuta ya dukani. Akatoa bisibisi. Kisha akaanza kupekua droo ile tena, na droo ya pili, na kopo la nyembe, na mifuko yake yote.

"Kuna nini?" mkewe aliuliza kutoka nje.

"Skrubu."

"Lilikuja na skrubu zake, kwenye karatasi."

"Najua lilikuja nazo."

"Basi ziko wapi?"

Mwenyekiti alitoka mlangoni. Aliinua macho taratibu. Mkewe akayafuata macho yake, na nyuma ya mkewe mtaa mzima ukayafuata, mpaka yakafika kwenye kibao, na kwenye zile pembe nne za kibao, ambako vichwa vinne vya skrubu mpya viling'aa kwa jua la jioni.

Hakuna aliyecheka. Nadhani watu walikuwa wamechoka, au kila mmoja alikuwa anaufikiria mlango wake wa nyuma. Mama Barafu aliingia, akatoa kigoda, akakiweka chini ya kibao. Mwenyekiti akapanda. Alifungua skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu, akamdondoshea mkewe kiganjani. Kibao kikageuka na kuning'inia kichwa chini kwa pembe moja.

"Tatu zinatosha," alisema kwa sauti ya kuomba. "Komeo litashika tu."

Mkewe alilinyanyua lile komeo ili alione. "Lina matundu mangapi?"

Mwenyekiti alitazama matundu, akatazama matone yanayodondoka kutoka kwenye mkokoteni. Akaifungua ya nne. Kibao kilimwangukia mikononi, naye akakishusha kwa adabu, akakiegemeza ukutani, maandishi yakitazama ukuta.

Alifanya kazi kwenye mlango wa nyuma peke yake, akitoboa na kukaza, akijichoma kidole mara moja na kutolalamika. Alipomaliza alijifungia ndani ili alijaribu komeo. Alilisukuma likaingia kwa mlio mzito, kama mtu aliyeafiki neno. Kwa nje alisikia magurudumu ya mkokoteni yakikwaruza kwenye mdomo wa uchochoro, kisha miguu ya watu waliobeba mzigo, na sauti ya Karani ikiwaambia wainue kwa magoti. Mlango ukasukumwa. Haukusogea. Ukasukumwa tena kwa bega, haukusogea, na Mwenyekiti, kwa ndani, akahisi kitu kifuani mwake ambacho makofi ya siku ile ya kamati hayakumpa.

Mkono ukagonga.

"Nani?" aliuliza, kwa sauti yake ile ile ya kona.

"Mwenye friza," alisema mkewe.

Akafungua.